Kadi Namba Mbili

Tangu redio itangaze jina la mgombea mwenza, Bertila alikuwa na uchovu usioondoka kwa kulala. Miaka kumi na tisa ya ukatibu wa tawi, kijijini hapa jirani na Laela, alishatukanwa, alishanyimwa salamu kanisani, na mlingoti wa bendera uani kwake ulishang'olewa mara mbili. Yote hayo aliyabeba. Jina hili moja lilimshinda.

Mgombea urais wa chama chao alitoka Visiwani, kwa hiyo mwenza lazima atoke Bara, na watu wa huku walishajiaminisha kuwa atakuwa Mwalimu Christopha, mtu wa hapahapa, aliyekijenga chama kwa baiskeli kutoka Muze hadi Kasanga. Wakubwa wakamchukua bwana mmoja aliyehamia chamani mwezi uliopita, eti kwao ana kura nyingi. Mwalimu alinyamaza, lakini watu wake hawakunyamaza. Tawi likapasuka: hawa wanasema chama kwanza, wale wanasema wamefanywa wajinga. Kadi zikaanza kurudishwa, na wa kuzipokea ni katibu. Alishapokea kumi na moja.

Kelvin, kijana aliyekuwa katibu wa wilaya mjini Sumbawanga, akapiga simu.

"Shikamoo mama. Wakubwa wanataka taarifa ya umoja wa matawi. Hali ikoje huko?"

"Marahaba. Hali mbaya."

"Mama, siwezi kuandika hivyo."

"Basi nipe mpaka Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa siku ya kupura ulezi wake. Wanatawi walizoea kupuriana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye ulezi hupika pombe. Safari hii Bertila alipika mtungi mkubwa, akaalika pande zote mbili. Aliamini kwamba wakishashika fimbo pamoja na kunywa pamoja, watakumbuka walikotoka. Maskini, alijidanganya. Kila upande uliposikia wale wengine wamealikwa, ukabaki kwao. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, ulezi umetandazwa na hakuna mtu.

Ndipo akaja Rozina. Kadi yake, namba mbili, Bertila aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, enzi hizo wanachama ni wao wawili tu na kijiji kizima kinawacheka. Rozina alisalimia, akajifunga kanga kiunoni, akaokota fimbo. Walipura wawili, fimbo zikipishana, mpaka jua likainama. Furaha ilimpanda Bertila hadi akajionea haya. Huyu akibaki, alijisemea, wengine watarudi mmoja mmoja.

Wakapepeta, wakajaza magunia. Bertila akamchotea pombe. Rozina akanywa yote, akapangusa midomo, akafungua fundo la kanga, akatoa kadi na kuiweka juu ya ungo.

"Dada, nilitaka kazi yako iishe kwanza."

Bertila akakaa juu ya gunia. "Hata wewe, Rozina?"

"Mwalimu amekula kwangu kila alipopita huku. Nitamtazamaje usoni?"

Bertila angekuwa na nguvu angegombana naye, lakini nguvu yenyewe ilishaisha. "Kwako mnapura lini?"

"Alhamisi." Rozina alitazama pembeni. "Wanakuja wale waliorudisha kadi. Usije, dada. Watakusema."

Akachukua kanga yake ya kichwani, akaondoka. Alikuwa hajafika njiani simu ya Bertila ikaita.

"Mama, Jumamosi ndiyo hii," alisema Kelvin. "Niandike nini?"

Bertila aliutazama mtungi, pombe bado imejaa hadi shingoni. Akaitazama kadi pale juu ya ungo, mwandiko wake wa zamani umefifia.

"Andika tuko pamoja," alisema. "Tawi zima liko hapa uani kwangu, na hakuna anayebishana."

"Safi sana, mama," alisema Kelvin, akakata simu.