Mashine Iliyoropoka

Mtaani kwetu huyu mama anaitwa Mama Printa, ingawa printa yenyewe huwa mbovu nusu ya wiki. Duka lake lina kompyuta moja, viti viwili na feni. Tangu maombi ya msaada wa kutunza wagonjwa nyumbani yahamie mtandaoni, wasiojua kubofya huenda kwake. Maswali ya siri huyasoma kwa sauti ya chini, na mteja hujibu kwa kichwa, ili walio kwenye foleni wasipate la kusimulia.

Asubuhi moja alimjazia fomu fundi viatu wa pale kona. Mkewe alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, na fundi hakuwa amemwambia mtu, hata ndugu za mkewe.

"Shemeji zangu wakijua, mke wangu atageuzwa hadithi ya mtaa," alisema.

"Hapa hakitoki kitu, kaka."

Fundi alipotoka alipishana mlangoni na dada wa mkewe, mama mcheshi mwenye goti bovu, naye akija kuomba msaidizi. Walipofika kwenye swali la ugonjwa, Mama Printa akaandika herufi ya kwanza ya "kuvimba goti". Kompyuta ikamalizia yenyewe: "kusahau, hupotea njia ya nyumbani."

"Ee, mimi nimepotea lini?" mama yule akacheka. "Nani huyo?"

"Mashine inaropoka tu, dada." Akafuta, akaandika la goti.

Mteja alipoondoka, Mama Printa alifunga duka akaenda kwa fundi, akamweleza yote bila kujitetea. Kumbe kompyuta ilikuwa inahifadhi kila alichoandika, naye hakuwahi kufikiria kuangalia.

Fundi aliendelea kushona soli. "Alijua ni sisi?"

"Hakutaja jina. Lakini mlipishana mlangoni."

"Basi asikie kwangu, si kwa mashine." Akafunika zana zake, wakaongozana kwanza hadi dukani, akabofya mwenyewe pale pa kufuta. Ndipo akaenda kwa shemeji yake.

Siku hizi mteja hanyanyuki kitini kabla hajafuta taarifa zake kwa mkono wake. Mama wa goti aliporudi na cheti cha daktari alichokuwa amekiacha nyumbani, alibofya mara mbili kufuta zake.

"Na za mdogo wangu?"

"Alizifuta mumewe."

"Vizuri. Basi nikimbilie huko, mchana huu zamu ya kukaa naye ni yangu."