Mama Vioo na Kilele Kipya

Kabla hajawa fundi wa maabara, Mama Vioo alikuwa akitengeneza majokofu pamoja na mjomba wake. Siku moja chuo kikuu kilimwita kufufua pampu iliyokuwa ikikohoa, na hakutoka tena. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa hapo. Jina alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kupanga vile vioo vidogo vinavyopokezana mwanga wa leza mpaka upige bamba la platinamu, lililofungiwa ndani ya mtungi wa chuma usio na hewa.

Kazi ya leza ilikuwa kuhoji kilichonata juu ya bamba. Molekuli hutikisika, kila aina kwa mdundo wake, na mwanga unaorudi huubeba mdundo huo hadi kwenye kompyuta, ukaonekana kama kilele kwenye mchoro. Mwanafunzi wa uzamivu, binti mcheshi mwenye haraka zake, alikuwa akipitisha gesi mbili juu ya bamba aone zikikutana zinazaa nini. Miaka mitatu aliona vilele vilevile vinavyojulikana. Kisha, Jumanne moja, kikachomoza kipya.

Profesa alikitazama, akavua miwani, akaifuta, akakitazama tena. "Hiki sijakiona kwenye kitabu chochote," alisema. Binti akamkumbatia Mama Vioo nusura wamwangushe na Profesa.

Mama Vioo alicheka nao, lakini furaha yake ilikuwa na mchanga ndani. Jumapili iliyotangulia umeme ulikatika. Kuna vali ambayo umeme ukikatika hujifunga papo hapo, ili mvuke wa mafuta ya pampu usirudi kwenye mtungi. Kwa mwezi mzima vali hiyo ilikuwa ikifunga kwa kusuasua. Aliisafisha, akajiambia itatosha, wala hakumwambia mtu.

"Mbona huli?" mumewe, dereva wa lori, alimuuliza mezani.

Akamsimulia yote.

"Vitu visivyo hata na sura ndivyo vinakukosesha hamu ya kula? Nyamaza zako. Nani atajua?"

"Mimi najua tayari."

Kesho yake alifika maabara kabla ya wote. Alilipasha bamba moto mpaka kila kilichonata kikabanduka, hakuingiza gesi yoyote, akakaa akingoja. Baada ya saa mbili akawasha leza. Kilele kilikuwepo, palepale. Yalikuwa mafuta ya pampu, yaliyoganda kwenye kuta za mtungi na sasa yamerudi kunata kwenye bamba.

Binti alipoingia alimkuta na mchoro mkononi.

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Mama, usinitishe."

"Gesi sijaingiza hata chembe. Tazama."

Binti aliufuata mstari wa mchoro kwa kidole mpaka kwenye kilele. "Profesa ameshatuma muhtasari wa ugunduzi huu kwenye mkutano wa wanasayansi," alisema kwa sauti ndogo.

"Vali ilikuwa mbovu, nikajua, nikanyamaza. Kosa ni langu, na kwa Profesa nitakwenda mwenyewe."

"Si ungenyamaza na leo basi!" Binti akatoka, mlango ukabamizwa.

Profesa hakufoka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliuliza tu, "Mwezi mzima?" Mama Vioo akaitikia kwa kichwa. Aliandikiwa barua ya onyo, na muhtasari ukaondolewa. Kuusafisha mtungi kulikula wiki sita: kuufungua, kuusugua, kuweka vali mpya, kuufunga na kuupasha moto siku nyingi. Muda wote huo binti alimsalimia akiangalia sakafu. Walipopima tena, kilele kile hakikuwepo.

Binti alihitimu kwa tasnifu nyembamba isiyotikisa dunia, lakini kila mstari wake ulikuwa wa kweli. Wiki moja kabla ya kuondoka alikuja kwenye karakana ya Mama Vioo, akasimama mlangoni.

"Mama, nimepata kazi kwenye maabara nyingine. Huko hawana fundi. Nataka unifundishe pampu."

"Karibu ndani."

"Ila nisikufiche, hasira haijaisha yote."

"Ni haki yako," Mama Vioo alisema, akamsogezea kiti. "Haya, shika bisibisi."

Wakaifungua pampu ya akiba, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka saa kumi jioni.