Siku Sabini za Mwalimu wa Biolojia

Somo nililolijua kuliko yote lilikuwa la mbegu za kiume. Enzi za Zaire, hapa Kisangani, nilisimama mbele ya darasa nikiwa nimevaa abakosti yangu, suti isiyo na tai, nikachora korodani na mirija yake iliyojikunja, nikaeleza jinsi seli za ndani ya mirija zinavyogawanyika hadi kila moja ibaki na nusu ya kromosomu, kisha zinaota mkia. Kazi hiyo, nilisema, huchukua zaidi ya siku sabini. Wanafunzi, walioniita citoyen professeur, yaani ndugu mwalimu, walicheka, nami nikacheka nao.

Mwaka wa nne wa ndoa, bila mtoto, nilikwenda hospitalini kwa siri. Daktari aliniambia nitazame mwenyewe kwenye darubini. Hapakuwa na mbegu hata moja. Akauliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Niliugua nikiwa kijana, na uvimbe ulishuka hadi kwenye korodani. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu, pengine kundi jipya litakuwa limeundwa.

Nikanyamaza. Nilijiambia nitamweleza mke wangu majibu yakikamilika. Wakati huo, kila Jumatatu, shangazi yangu alimletea dawa ya mizizi, naye akainywa mbele yetu hadi machozi yakamtoka. Mimi, mtaalamu wa ubaoni, niliangalia pembeni nikihesabu siku. Niliona aibu, na bado nilinyamaza.

Mara ya pili hapakuwa na kitu vilevile. Niliporudi nyumbani nilimkuta shangazi ameketi na tonton, mdogo wa baba yangu. Walikuwa wameamua mke wangu arudi kwao kwa kuwa hazai; sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, naye amesimama kando yake. Niliwaambia kila kitu, nikawapa karatasi ya daktari.

Tonton aliisoma, akaikunja.

"Wewe iko mwanaume muzima. Kazi ya chumba unafanya, ao hapana?"

"Ninafanya, tonton. Lakini mbegu hakuna."

"Bon. Sasa juu ya nini miezi tatu yote ulimuacha anakunywa dawa? Unasema bongo, uongo tu, juu unamupenda."

Nilianza kumchorea mirija mezani kwa kidole. Aliutazama mkono wangu kama anavyotazamwa mlevi. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyeniamini, naye alikuwa mke wangu. Niliiona imani hiyo usoni mwake, na pamoja nayo zile Jumatatu zote za dawa, kisha akainua sanduku bila kuniaga. Shangazi alimsindikiza hadi kwenye mtumbwi, naye mke wangu akavuka mto kurudi kwa mama yake, huko Lubunga.

Sikuoa tena. Miaka kumi na sita baadaye, msichana mwenye paji la uso nililolijua aliketi kwenye dawati la mbele. Siku ya somo lile nilimuuliza mama yake anakaa wapi.

"Lubunga, citoyen professeur. Mama iko na batoto sita." Akafungua daftari. "Alisema nisikilize muzuri leo. Anasema hii leçon wewe unaijua kupita bote."

Nilichukua chaki, nikaanza kuchora.