Managu ya Nyuma ya Jengo

Mimba ya pili ilimjia Jerotich na vituko. Wakati wa ile ya kwanza, ya Audrey, alikuwa bado kwao Mosoriot, na alikula chochote kilichowekwa mbele yake. Hii ya Germantown, huko Maryland, ilimfunga tumbo. Kuku alimnukia vibaya. Mkate ulimkwama kooni. Wali aliupika mwenyewe, akaunusa, akamwachia mumewe sufuria nzima. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka, akakitaka mpaka akawa anakiota: managu, zile mboga chungu za majani za kwao. Tena si managu ya haraka haraka, bali yale ya mama yake, yaliyochemshwa, yakamwagiwa malai ya maziwa, yakalazwa ili kesho yake uchungu uwe umelegea, ndipo yaliwe na ugali wa wimbi.

Kiplagat, mumewe, alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya dawa huko Gaithersburg. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alihangaika. Kila akitoka kazini alipitia duka la Waafrika akauliza. Siku moja akaja na pakiti ya managu yaliyogandishwa, ameikumbatia kama aliyeshinda bahati nasibu. Jerotich aliyayeyusha kwenye sufuria, na yakawa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Aliweka tonge moja mdomoni, akakimbilia chooni.

"Kula hata kidogo, Mama Audrey," Kiplagat alimbembeleza. "Daktari amesema unapungua."

"Si kwamba sitaki. Hayapiti."

Jerotich alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika makao yao, mwendo mfupi kwa gari kutoka nyumbani. Siku moja ya Julai alimtoa nje bibi mmoja mgonjwa ili apunge hewa. Alikisukuma kiti chake cha magurudumu hadi nyuma ya jengo, kwenye kivuli karibu na mapipa makubwa ya taka, na pale chini ya ua wa waya akayaona. Mwanzoni alidhani macho yanamdanganya. Aliinama na tumbo lake, akalichuma jani, akalisugua kwenye kiganja, akanusa. Managu! Yamejiotea tu, mabichi, mapana, na vijiua vyake vyeupe, katikati ya magugu mengine ambayo hakuna aliyeyajali. Mate yalimjaa mdomoni. Bibi wa kwenye kiti alimwuliza kwa nini anacheka, naye akamwonyesha lile jani.

Alipomaliza zamu hakuenda moja kwa moja kwenye gari. Alichukua mfuko wa plastiki, akazunguka nyuma ya jengo, akachuma huku akitupa jicho huku na huku kama mwizi, ingawa hakuna aliyekuwa akiyataka majani yale. Alipofika nyumbani aliyachambua, akayaosha, akayachemsha, akayamwagia malai ya supamaketi. Kulaza hakuweza, alikuwa na njaa ya miezi. Alisonga ugali akaketi. Audrey, aliyekuwa na miaka minane, aliziba pua na kuuliza kwa Kiingereza kwa nini nyumba inanuka nyasi, kisha akaenda kula makaroni yake mbele ya televisheni. Jerotich alikuwa akila. Alikula mpaka akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, na tumbo likatulia.

Kiplagat aliingia akamkuta analamba vidole. Alisimama mlangoni na funguo mkononi, uso umemchanuka.

"Umeyatoa wapi?"

"Kuna mtu kazini amenipa."

Yeye mwenyewe hakujua kwa nini alisema hivyo. Pengine alijua mumewe angeuliza ni udongo gani ule, na hakutaka kuulizwa. Kiplagat hakuuliza zaidi. Jioni ile ile alimpigia mama mkwe simu Mosoriot, akamweleza kwa furaha kwamba hatimaye Jerotich amekula.

Zilipita siku chache. Jumamosi Jerotich alirudi nyuma ya jengo na mfuko mwingine. Managu yalikuwa yamekuwa manjano, yamejikunja kama yaliyomwagiwa maji moto. Si managu peke yake. Magugu yote ya pale uani yalikuwa yamelala. Mbali kidogo, Wayne, mzee wa Kimarekani aliyetunza bustani za pale, alikuwa akivua pampu mgongoni.

"Hapa ulipiga dawa?" Jerotich alimwuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo. Ya kuua magugu."

"Lini?"

Wayne alikuna kidevu. "Mwanzoni mwa wiki. Jumatatu. Au Jumanne? Nilikuwa nasubiri mvua ipite. Kwani umepoteza kitu huko?"

"La," alisema Jerotich. "Hapana kitu."

Yeye alikuwa amechuma Jumanne, zamu ilipoisha.

Séraphine ndiye aliyemkuta kwenye chumba cha mashuka, ameegemea rafu, uso ameuzika kwenye taulo. Séraphine alikuwa mwanamke wa Bukavu, mwenzake wa zamu, aliyelea watoto wanne na kuvuka nchi tatu kabla ya kufika Maryland. Alifunga mlango kwa mgongo.

"Ma sœur, dada yangu, ni nini? Bébé?"

Jerotich alimweleza yote, maneno yakimtoka vipande vipande.

"Piga simu kwa docteur. Sasa hivi, mbele yangu."

"Nitamwambia nini, Séraphine? Kwamba nimeokota majani kwenye mapipa ya taka nikala? Watasema hawa Waafrika ni watu gani. Watasema sina akili ya kulea mtoto."

"Waseme. Weye uko na mtoto ndani, yeye hajue mambo ya aibu." Alimwekea simu mkononi. "Na siye kwetu tunakulaga hayo majani. Hakuna haya mu kukula. Piga."

Daktari hakupatikana, Jerotich akaunganishwa na laini ya simu ya washauri wa mambo ya sumu. Mwanamke aliyepokea hakushangaa wala hakucheka. Aliuliza kwa upole: alikula kiasi gani, aliosha, alichemsha, ana kichefuchefu, dawa yenyewe inaitwaje. Séraphine alitoka mbio kumwuliza Wayne jina la dawa, akarudi akilitamka vibaya, wakalirudia mpaka likaeleweka. Yule mwanamke alisema kwa mlo mmoja hatari ni ndogo sana, ila kwa kuwa ni mjamzito aonwe siku ile ile.

Hapo haikuwezekana tena kuficha. Kiplagat alikuja kumchukua. Waliingia barabara ya 270, magari yamesongamana, na mbele ya taa nyekundu zisizosogea Jerotich akamwambia. Kiplagat alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Kwa sababu ya mboga, Jerotich?"

Hakumwita Mama Audrey. Kumwita hivyo, kwa jina tupu, kulimchoma kuliko kama angemfokea.

"Nilikuwa na njaa."

"Njaa? Friji imejaa!"

"Najua imejaa."

"Na ukanidanganya. Nikampigia mama yako, nikamwambia."

Alitazama nje dirishani, mkono juu ya tumbo, akisubiri mtoto acheze. Hakucheza mpaka walipotoka barabara kuu.

Hospitalini walimpaka jeli, wakamweka kipimo, na moyo wa mtoto ukasikika ukikimbia. Walichukua damu yake. Daktari alisema haoni dalili ya madhara yoyote, na kwa anavyojua yeye hakuna sababu ya hofu. Jerotich alimwuliza kama anaweza kumhakikishia. Daktari akasema hakuna mimba anayoweza kuitolea hakikisho.

Neno hilo lilikaa naye. Alikuwa akiosha vyombo analisikia. Mtoto akicheza sana, aliogopa. Akitulia, aliogopa zaidi. Alirudia mkate na maziwa, akavimeza kama dawa, kwa kuwa sasa kula lilikuwa deni lake kwa mtoto. Kiplagat alimpikia uji kila asubuhi, akauweka mezani, akaondoka. Walizungumza kuhusu Audrey, kuhusu gari, kuhusu kanisa. Kuhusu lile jambo hawakuzungumza.

Mama yake alipopiga simu, sauti ilikuwa ya furaha tupu.

"Nimesikia umepata managu huko! Nimewaambia hata akina mama wa kanisani. Uliweka malai?"

"Niliweka, Mama."

"Basi mtoto atakuwa na damu nzuri. Endelea kuyala."

"Ndiyo, Mama."

Mtoto alizaliwa Novemba, mvulana, mzito, mwenye sauti ya kugombeza watu. Walimwita Kipkemboi. Madaktari walimpima wakasema ni mzima. Jerotich alifurahi, kisha akamvua nguo akamkagua tena yeye mwenyewe, na wiki zilizofuata kila upele na kila chafya vilimpeleka mbali kimawazo.

Jumapili moja wanawake wa kanisani walikuja kumwona mtoto. Walijaza sebule, wakaomba, wakachemsha chai. Mmoja wao alikuwa na mume anayelima mboga za kienyeji nje ya mji, naye akaja na sufuria ameifunga kwa leso. Managu, yaliyovunwa kabla ya baridi na kulazwa kwenye malai. Walimpakulia Jerotich sahani ya kwanza, kama inavyompasa mzazi, wakamtazama wakitabasamu.

Harufu ilimfikia kabla ya sahani. Aliona yale majani ya manjano yaliyojikunja chini ya ua. Alishika kijiko, akakizungusha, akawashukuru. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

Kiplagat, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, alikuja akaketi kando yake. Bila kutazama wageni aliichukua ile sahani kutoka mapajani mwake.

"Acha," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nitakula. Nitawaambia umeshiba, Mama Audrey."

Akaanza kula. Jerotich alimweka Kipkemboi kwenye titi, akaomba chai na kipande cha mkate.