Kadi ya Tatu, Njia ya Koboko

Mjapani alikuja kufundisha michezo shuleni kwetu Arua baada ya nyonga yake kuharibika. Kwao alikuwa ameshindana kutembea kilomita hamsini karibu ujana wake wote, mpaka wakubwa wa mchezo wakaufuta umbali ule. Kiswahili alikiokota kwa madereva wa malori. Alinichagua mimi nijifunze mchezo huo kwa sababu nilitoka Lobule, nilikozoea kutembea mbali tangu utotoni.

Sheria zilikuwa mbili: mguu mmoja uwe chini wakati wote, na goti la mguu unaotua lisikunjwe. Ukikosea, mwamuzi anakuandikia kadi nyekundu. Zikifika tatu, umetoka. Kiuno hucheza, utake usitake. Tulipopanda Arua Hill jioni, vijana wa bodaboda walinipigia honi.

"Bata! Bata ya Mjapani!"

Yeye hakuwatazama. Unyayo wangu ukiruka, alinirudisha chini kabisa, tuanze upya. Siku moja nilitapika, nikamwomba maji. Akaimwaga chupa nzima barabarani mbele yangu.

"Mwalimu yangu ilifanya hivi," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwaka uliofuata shule iliandaa mashindano kutoka Koboko hadi kiwanja kimoja cha Pajulu. Waamuzi walikuwa yeye na walimu wawili aliowafundisha, wakitufuata kwa pikipiki. Baba yangu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa ameapa kwamba hatakuja kunitazama nikitikisa makalio mbele za watu. Lakini karibu na mwisho nilimwona kando ya njia, amevaa kanzu yake ya Idi, ananipungia mkono.

Nilikuwa ninaongoza. Walimu wale walikuwa wameshanipa kadi mbili. Nikaongeza kasi kwa furaha. Pikipiki ikaja ubavuni, Mjapani akainua kadi ya tatu.

"Miguu yote ilikuwa juu."

"Mwalimu, kiwanja ni kile pale!"

"Naona."

Sikusimama. Akashuka, akaishika namba yangu kifuani, akaing'oa. Pini zikaichana blauzi. Watu walishangilia kama wanavyomshangilia mwizi aliyekamatwa.

Baba akasogea. Nilidhani anakuja kunisitiri.

"Kama wewe ilishinda, mimi ingesamehe," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Sasa naambia watu nini?"

Akapanda bodaboda peke yake.

Jioni nilimfuata Mjapani nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi sakafuni, anajikanda nyonga.

"Mimi pia walinitoa karibu na uwanja," alisema. "Mama yangu ilikuwa ndani, inangoja."

"Ndiyo maana ukataka na mimi nionje?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Hapana. Mguu ilikuwa juu. Kesho njoo mapema."

Sikwenda. Muhula ulipokwisha akarudi kwao, na sijui kama aliniachia salamu kwa mtu yeyote.

Baba hakunisemesha hadi alipopooza, na ndugu zangu wote wakapata udhuru wa kutomtunza. Sasa mimi ndiye ninayemwogesha. Sabuni ikimwingia machoni ananitukana, kisha anageukia ukutani.