Nilivyompiga ban shekhe wa jukwaa letu kwa sababu ya swali la Bi Siwatu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye dini na msio nayo.

Kuna uzi humu watu wanalia kwamba mods wanafuta sana posti kwenye mijadala ya dini. Nimeusoma, nikacheka, kisha nikakasirika. Naleta yaliyonipata mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Ilikuwa miaka ile biashara zimeshafunguliwa, redio binafsi ndio zinaanza kusikika, simu ya mkononi bado unapanda kichuguu kutafuta mtandao.

Nilikuwa na stationery pale Kibiti, jirani na stendi. Nachapa barua, natoa fotokopi, na nina kompyuta moja yenye intaneti ya laini ya mezani. Umeme wa jenereta. Unafungua ukurasa, unakwenda kununua kitumbua, unakula, unanawa, ndio kwanza kichwa cha habari kinatokea.

Kulikuwa na jukwaa moja la mijadala ya Kiislamu, la watu wa Pwani. Wengi walikuwa Dar, wengine nje. Mwenye jukwaa, kijana wa kwetu aliyekuwa masomoni ughaibuni, alinipa umoda, kazi ya kusimamia mijadala, kwa sababu nilisoma kila kitu mpaka mwisho.

Jina langu la humo halikuonyesha kwamba mie mwanamke. Watu wananiita "akhi", yaani kaka, nami naitika.

Siku moja akaja Bi Siwatu, mama wa makamo kutoka vijiji vya delta. Alikuwa amefikia kwa dada yake anayekaa Mtunda.

Mumewe alikwenda kuuza kamba aliowavua kwenye boti la wanunuzi. Mtumbwi ukakutwa umepinduka kwenye mikoko. Yeye hakuonekana, si mwili wala nguo. Tangu hapo mpunga umevunwa mara mbili.

Ndugu wa mume wanasema kafa, isomwe hitima. Mama yake mume anasema mwanangu yu hai, atakayemkalisha mkewe eda ya ujane ndiye atakayekuwa kamuua.

Bi Siwatu yuko katikati, si mke wala mjane.

"Mwanangu, kila asubuhi watu wananiuliza, u hali gani. Sina la kujibu," aliniambia. "Nimesikia mashine yako inafika kwa mashekhe. Niulizie, nikae eda au nisikae?"

Nikaandika swali kama alivyolisema, nikalituma.

Aliporudi kusikiliza majibu, uzi ulikuwa mrefu kweli. Mchangiaji wa kwanza alianza vizuri. Wa pili akauliza, kwani hitima ina dalili gani kwenye Kurani na Hadithi? Hapo pakachafuka. Huyu mzushi, yule hana adabu na wazee, wengine wanatukanana vyuo walivyosoma.

Aliyetia petroli ni mmoja tuliyemwita Shekhe Mkato. Wakuu, huyu alikuwa na elimu ya kweli, nusu ya watu waliingia jukwaani kumsoma yeye. Akaandika kwamba watu wa delta dini yao ni pilau na dufu za maulidi, na marehemu kama aliishi hivyo, tusipoteze muda kumjadili.

Nilitaka kuruka hapo nisimsomee. Bi Siwatu akaniona.

"Nisomee yote. Usinchagulie maneno."

Nikasoma yote. Alikaa kwenye benchi, kikapu mapajani, ananisikiliza kama anasikiliza hukumu. Nilipomaliza akauliza:

"Hawa wote wanamjua mume wangu?"

"Hawamjui, mama."

"Mbona wanamgombania?"

Nikarudisha ukurasa juu.

"Na jibu langu liko wapi humo?"

Halikuwemo. Akanishukuru, akachukua kikapu chake, akatoka. Nilishikwa na hasira.

Nikakaa kwenye kiti nikaanza kufuta. Kila kisichomjibu yule mama nilikifuta, cha Shekhe Mkato kikiwa cha kwanza. Juu ya uzi nikaweka sharti moja: "Aliyeuliza anasomewa kwa sauti kila mnachoandika. Mwandikie yeye."

Shekhe Mkato akarudi na posti ndefu zaidi ya ile, safari hii ananisema mie. Nikampiga ban ya wiki.

Jamani, nilichambwa. "Akhi, unamfungia mwanachuoni?" Kundi zima likahama kwenda kufungua jukwaa lao. Mwenye jukwaa akanitumia ujumbe: "Dada, unaniulia jukwaa. Mrudishe."

Nikamjibu: "Ukimrudisha kabla ya muda wake, mie natoka. Na huyu mama utamjibu wewe."

Hakumrudisha.

Kisha pakawa kimya. Na niseme ukweli, kimya kile kiliniogopesha kuliko matusi. Kufuta ni kubonyeza tu. Kazi ipo pale unapofungua ukurasa kesho yake unakuta hakuna mtu, na bado hurudishi uchafu ili paonekane pamechangamka.

Wa kwanza kuandika alikuwa mtu ambaye hajawahi kuchangia popote. Aliandika maneno mawili: "Mama, pole."

Akafuata mwingine na pole yake. Dada mmoja akasimulia kaka yake aliyepotea ziwani. Watu ambao siku zote walikuwa wanasoma na kuondoka kimya wakaanza kusema, na kila posti inaanza na "Bi Siwatu". Hakuna aliyemuuliza mwenzake alisoma wapi.

Ban ikaisha. Shekhe Mkato akaingia. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya.

Akaandika: "Bi Siwatu, assalaam alaykum. Niliandika vibaya mwanzo, nisamehe."

Akaeleza taratibu. Wanazuoni wamehitilafiana muda wa kumsubiri aliyepotea, lakini neno la kusema kafa si la shemeji wala la mkwe. Wachukue walioukuta mtumbwi, waende kwa shekhe wa wilaya Utete, awasikilize na ahukumu. Akihukumu kwamba kafa, ndipo eda ianze kuhesabiwa.

Akamalizia: "Na mkwe wako mwambie, eda ni ya mke. Mama hakuna aliyemwamuru aache kumsubiri mwanawe."

Bi Siwatu alinitaka nirudie mara ya pili.

"Huyu ndiye yule mkali?"

"Ndiye."

"Kumbe anajua kuzungumza na mtu."

Nikamchapia ukurasa ule, akaenda nao kijijini akasomewa mama mkwe. Nilikuja kuambiwa kwamba bibi yule alilia sana, kisha akasema mie nitamsubiri mwanangu, wewe nenda. Wakaenda Utete wote wawili, na mashahidi wao.

Baadaye dada yake wa Mtunda akapita dukani. Shekhe wa wilaya amehukumu kwamba kafa, Bi Siwatu amekaa eda.

"Kasema nikwambie, asubuhi wakimuuliza hali, sasa analo la kuwajibu."

Wakuu, Shekhe Mkato wa mwanzo na wa mwisho ni mtu yule yule, elimu ile ile. Kilichobadilika ni kile tulichokubali kisemwe mbele ya yule mama. Ndiyo maana mpaka leo, nikipewa jukwaa la dini, nafuta. Sitaomba radhi.

Wenzangu mliowahi kuwa moda, nyie mlimwondoa nani, na palikuwaje baada yake? Na wewe uliyefutiwa posti juzi ukanuna, njoo ubishe hapa chini. Ila ujue nikifungua uzi, bado nasoma kwa sauti.