Siku Shosho Aliposalimiwa Msituni

Sauti ninayoikumbuka hadi leo ni ya zipu. Zrrrp, ikakwama, ikarudishwa nyuma kidogo, halafu zrrrp tena hadi mwisho. Ilitoka chumba cha pili, asubuhi ya Jumatano, na nikajua bila kuambiwa kwamba Shosho anafunga sanduku lake.

Niwaeleze ninyi wa nyumbani Shosho ni nani. Mwaka ule wa 2007 nilikuwa nimepanga chumba kwa Dada Wairimu, muuguzi Mkenya, mtaa wa Hodge Hill hapa Birmingham. Nyumba za mtaa huo zimeshikana mbilimbili kama mapacha, kila moja na kibustani chake mbele. Dada Wairimu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Kariuki, na likizo ya uzazi ilipokwisha akamwita mama yake kutoka Nyandarua aje amshikie mtoto kwa miezi sita, ili yeye afanye zamu za usiku hospitalini na kulala mchana. Mumewe ni dereva wa lori, mtu wa kuonekana wikendi tu. Huyo mama ndiye Shosho, yaani nyanya, na nyumba nzima tulimwita hivyo, hata mimi ambaye ni Mtaita na sina undugu naye.

Shosho hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amegombana na mtu. Shida yake ilikuwa salamu. Kwake, kwenda dukani kununua chumvi huchukua asubuhi nzima kwa sababu ya watu wa kusalimia. Hapa alikaa dirishani, mtoto mapajani, akawapungia mkono wapitao, nao wakatazama simu zao au viatu vyao. Zaidi ya mwezi mzima hivyo. Alisema hata mbwa wa hapa wanampita kama kigingi.

Basi Jumatano ile, wakati wa chai, akatangaza kwamba anarudi kwake Jumapili na tikiti ibadilishwe. Na kama shida ni mtoto, ataondoka naye, kwani Nyandarua maziwa hayajaisha. Dada Wairimu, ambaye hakuwa amelala tangu atoke zamu, alipanda juu, akafungua mfereji wa bafuni, na maji yakamwagika muda mrefu sana bila mtu kuoga.

Mimi shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa kuota ndoto nimefika chuo kikuu. Kazini kwangu, katika nyumba ya wazee ninaowahudumia, kulikuwa na kalenda kwenye chumba cha chai, na ukurasa wa mwezi wa tano ulikuwa na picha ya msitu uliotandikwa maua ya buluu. Niliitazama kila siku hadi chai ikapoa. Mpishi wetu aliponiona akaniambia huo ni msitu wa kweli, uko upande wa Worcestershire, mwendo mfupi kwa treni, na maua yake hayangoji mtu. Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikamwambia Shosho kwamba kabla hajaondoka ni lazima aone Uingereza yenyewe, asije akaulizwa huko kwao akakosa la kusimulia. Hilo la kuulizwa likamwingia.

Alhamisi asubuhi tulimwacha Dada Wairimu amelala na tukaondoka. Shosho alimfunga Kariuki mgongoni kwa leso, akafunga nyingine juu yake kwa sababu ya baridi, na mimi nikabeba begi la nepi na ramani ambayo mpishi alinichorea kwenye karatasi ya kufungia mkate. Ndani ya basi Shosho alimsalimia dereva. Dereva akatazama mbele. Shosho akanigeukia na macho yake yakasema, unaona?

Stesheni ya New Street kila mtu alikuwa akikimbia kama aliyesahau sufuria motoni. Shosho alinishika mkono hadi tulipokaa kwenye treni. Kwanza tuliona migongo ya viwanda na mifereji ya maji iliyotulia, halafu ghafla nchi ikafunguka. Mashamba ya manjano yalimshangaza, nikamwambia kwamba maua yale hukamuliwa mafuta ya kupikia, akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini kondoo walimtia wasiwasi. Walikuwa wengi, na wanakondoo wao, bila mchungaji hata mmoja.

"Na mwizi je?" aliniuliza.

Nikasema sijui.

"Hawa watu wataibiwa siku moja," akasema, na akaendelea kuwalinda kwa macho hadi treni iliposimama.

Kituo tuliposhukia kilikuwa kidogo, hakina hata mtu wa kukata tikiti. Ramani ya mpishi ilituongoza hadi kwenye lango la mbao, na nyuma ya lango kulikuwa na malisho ya mtu, kondoo wake, na kijia kikikata katikati. Mpishi alikuwa ameshanieleza kwamba nchi hii ina njia za tangu zamani zinazopita mashambani, na mtu yeyote ana haki ya kuzipita. Nikamweleza Shosho. Aligoma. Shamba ni la mtu? Ni la mtu. Na mwenyewe yuko wapi? Sijui. Basi akasimama langoni na kupiga hodi, kwa sauti ile ya kuvuka bonde. Kondoo wakainua vichwa. Msituni ng'ambo ndege mmoja akagonga mti, ko-ko-ko-ko, na Shosho akasema yule naye anangoja kukaribishwa.

Mara tukaona mwanamke anakuja kwa upande wa pili, buti hadi magotini, mbwa wawili mbele yake. Nikajiandaa kufukuzwa. Alipofika akatabasamu, akasema "Morning," akatushikia lango tupite, naye akaendelea na safari yake.

Shosho hakusogea. "Amesema nini?"

"Amekusalimia."

"Mimi?"

"Wewe, Shosho."

Kumbe salamu haiachwi ipite hivyo. Shosho aligeuka, akamkimbilia yule mwanamke, Kariuki akirukaruka mgongoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumuuliza hali yake, na ya nyumbani, na ya hao mbwa. Mimi nikafika nikihema, nikatafsiri. Mwanamke alicheka akawa mwekundu, lakini mkono hakuuondoa. Alimchungulia Kariuki, akasema mbwa hawajambo.

Kuanzia hapo kila tuliyekutana naye alitusalimia. Vikongwe wenye fimbo, kijana mwenye baiskeli, mke na mume waliokuwa wakinuniana, wote, "Morning." Hata leo sijui ni kwa nini. Ni Waingereza walewale, sura zilezile za kwenye basi. Labda ni matope, yanayofanya viatu visitazamike. Shosho yeye alikata shauri kwamba watu wa mjini huacha salamu zao huku mashambani, kama akiba, zisije zikaibwa mjini. Kila mmoja alishikwa mkono, na mwendo ambao mpishi alisema ni mfupi ukatuchukua nusu ya asubuhi.

Tulipoingia msituni, tukanyamaza sote wawili. Kwetu Taita kuna misitu mikongwe juu ya milima, ukungu ukiwa umeshika vilele, na tangu utoto nimezoea kwamba ukiingia humo unapunguza sauti, kwa maana si mahali pako peke yako. Sikutegemea kuisikia hali hiyo Uingereza. Mialoni ilikuwa na majani machanga bado, laini kama masikio ya mwanakondoo, na chini yake maua ya buluu yalitanda mpaka jicho lilipochoka. Harufu yake ni ya asali iliyochanganyika na majani mabichi. Picha ya kalenda haikuwa na harufu.

Nilimtazama Shosho nikiogopa atauliza maua haya huliwa au huuzwa. Akasema taratibu, "Ni kama moshi wa asubuhi jikoni kwangu, kabla sijafungua mlango."

Palikuwa na kibao, nikakisoma polepole kwa kidole. Kilisema msitu huu haukupandwa na mtu. Watu wa zamani walikata miti yake kwa ajili ya fito na makaa, wakaacha visiki, navyo vikachipua upya, vikakatwa, vikachipua, karne baada ya karne, hadi kisiki kimoja kikapanuka kuwa duara la mashina. Kweli, duara kama hilo lilikuwa mbele yetu. Shosho aliingia katikati yake na mtoto mgongoni, akayagusa mashina moja moja.

"Huu wote mti mmoja? Hili ni boma, mama."

Kariuki akaamua kulia hapo bomani. Alikuwa amelowa hadi leso zote mbili, na upepo ulikuwa wa baridi mno kumvulia nguo nje. Ukingoni mwa msitu kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali, na mzee mmoja alikuwa akifunga miche ya maharage kwenye fito. Nikamweleza shida yetu. Akajitambulisha kuwa ni Ted, akatufungulia jikoni, akaweka birika motoni.

Mtoto alipokauka na kutulia, Shosho alifanya alichokuja nacho kutoka Nyandarua. Alimshika Bwana Ted mkono, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Bwana Ted akajibu kwa maneno mawili ambayo Waingereza wanayapenda sana, "Can't complain," yaani hajambo, na mimi, kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikayatafsiri yalivyo.

"Anasema hawezi kulalamika."

Shosho akamtazama kwa huruma. "Nani amemkataza?"

Nikalipeleka swali. Bwana Ted alitazama mlangoni, kana kwamba huyo wa kumkataza amesimama pale. Kisha akacheka hadi akajishika goti, na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari uko gotini, akaanzia hapo. Goti linamuuma akishuka ngazi. Paa wanatoka msituni kula maharage yake. Tangu mkewe afariki hajui kupika ila mayai. Ana binti Australia ambaye humpigia simu kila Jumapili kuuliza hali, na kila Jumapili humwambia hivyohivyo, kwamba hawezi kulalamika.

Shosho aliitikia "eeh" kila mahali panapostahili, lakini palipotajwa binti alizungusha kikombe chake mezani. Halafu akasema na mimi huku akimtazama yeye.

"Mwambie mimi nalalamika. Nakaa dirishani mpaka macho yanauma. Nikifa pale, majirani watauliza ni nani alikuwa akishika yule mtoto. Na hilo sijamwambia msichana wangu. Nimemwambia nataka kwenda, basi."

Nikatafsiri. Bwana Ted hakusema pole. Alimwongezea chai. Akasema aliishi Birmingham ujana wake wote, akifanya kazi kiwandani, na jirani yake wa ukuta hakuwahi kumjua jina. Watu wale si wabaya, alisema. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

"Wakingoja wote, ataanza nani?"

Shosho aliuliza hivyo akiinuka kumfunga Kariuki mgongoni.

Bwana Ted alipotusindikiza kwa mlango wa nyuma alituomba radhi kwa ajili ya magugu yaliyokuwa yamejaa ubavuni mwa kibanda. Shosho akashika mbavu kwa kucheka. Yalikuwa thabai, yale majani yanayowasha, ambayo kwao huchemshwa yakawa mboga. "Mzee anaficha mboga nyuma ya nyumba," akaniambia, "halafu anakula mayai." Bwana Ted alikumbuka kwamba hata mama yake aliyapikia supu, zamani za vita. Akaleta glavu. Shosho hakuzitaka, alivaa mfuko wa nailoni mkononi na kuchuma vile vichwa vichanga tu, mfuko mwingine ukajaa.

Jioni, ndani ya treni ya kurudi, Shosho alisimama kwenye njia, akakitazama kibehewa kizima na kusema "Morning!" Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Watu walitazamana. Kijana mmoja aliyeziba masikio kwa muziki akatoa upande mmoja, akajibu, "Morning," na mwanamke wa nyuma naye akajibu, na hakuna aliyemsahihisha.

Nyumbani tulimkuta Dada Wairimu ameshavaa sare, macho bado mekundu. Shosho hakumwacha aende bila kula. Aliyachemsha majani, akayaponda pamoja na viazi na mahindi ya mkebe, ndio mukimo huo, kijani mpaka ukingoni. Wakati anapakua alimsimulia bintiye yote, lile la goti, lile la Australia, na mwisho, mgongo akiwa amempa, lile la dirishani. Dada Wairimu aliweka kijiko chini. Nikajifanya nampangusa Kariuki ambaye hakuwa mchafu.

Shosho akaukunja ule mfuko mtupu. "Alhamisi ijayo tubebe mkubwa," akasema. "Huu ni wa kuchezea."

Hakuna aliyetaja Jumapili. Dada Wairimu alijiongezea chakula, na kilichokuwa sahanini mwake hakijaisha.

Sasa, wenzangu, mkiniuliza nilijifunza nini, sitawadanganya kwamba niliielewa Uingereza kwa siku moja. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukatwa na baridi ya watu na bado akachipua, kama ana mahali pa kuweka mzizi. Na kwamba mimi mwenyewe, mwaka mzima hapa, nilikuwa nimejifunza kutazama viatu vyangu.

Ijumaa asubuhi nilitoka peke yangu kwenda kazini. Jirani wa nyumba tuliyoshikana nayo, mwanamume niliyemjua kwa kikohozi chake ukutani tu, alikuwa akirudisha pipa la taka. Nikainua macho kutoka viatuni. Nikasema, "Morning."

Akageuka nyuma kutazama ninamsalimia nani. Hakukuwa na mtu. Basi langu lilikuja, likapita pale barabarani, nami nikabaki nimesimama kando ya bustani yake, begi begani, nikimngoja ajibu.